Namba 12: Marufuku Kupika Papa

Mwaka juzi mama mwenye nyumba wangu aliingia dukani akiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nina steshenari ndogo hapa Temeke, jirani na Mahakama ya Mwanzo: fotokopi, kuchapa, kuprinti, picha za pasipoti, laminesheni. Nikamwamkia, akaitika, akaitandaza ile karatasi kaunta.

"Nichapie masharti ya nyumba, mwanangu. Yale ya zamani yamefifia. Nimeongeza moja."

Kumi na moja ya mwanzo nilikuwa nimeshayahifadhi, maana yamebandikwa karibu na bafu na kila asubuhi nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu sina kingine cha kusoma. Nikachapa bila kutazama. Nikafika la mwisho: "12. Ni marufuku kupika papa au ng'onda chumbani au koridoni baada ya magharibi."

Nyumba ile ina wapangaji saba. Anayeletewa papa na mama yake kutoka Unguja ni mmoja tu. Nikamtazama mama mwenye nyumba. Yeye akawa anaitazama kalenda.

"Mama, hili la kumi na mbili..."

"Chapa tu mwanangu. Sijataja jina la mtu."

Nikachapa. Nikakuza herufi, maana alitaka lisomeke hata na mtu asiyevaa miwani. Nikapitisha kwenye mashine ya laminesheni, nikapokea elfu mbili yangu, nikamrudishia chenji. Sijui ni watu wangapi duniani wametungiwa sheria, wakaichapa wenyewe, na wakalipwa.

Toka siku hiyo kila mwenye nyumba anayeniletea masharti nampiga swali moja: nani alikuudhi? Wanacheka kwanza, halafu wanasema. "Pasi ni Jumapili tu" ni kijana mmoja wa benki aliyekuwa akinyoosha mashati matano kila usiku huku umeme wa LUKU unachangwa sawa kwa sawa. "Mgeni akizidi siku tatu ahesabiwe mpangaji" ni binamu aliyekuja kutafuta kazi akakaa miezi minane. Ninayoipenda kuliko zote niliichapa mwezi wa Ramadhani: "Ni marufuku kumsalimia mwenye nyumba akiwa bafuni." Ukiisoma ukutani utasema huyu mzee kichaa. Kumbe alikuwa na mpangaji mdaiwa ambaye alimkwepa mchana kutwa, ila akisikia maji yanamwagika anasogea mlangoni: "Mzee shikamoo, ile kodi nivumilie mpaka tarehe tano." Mzee yuko na povu la sabuni kichwani, atasemaje? Anasema haya. Hayo yakaendelea miezi minne.

Sasa wiki iliyopita kaja kinyozi wetu wa ng'ambo ya barabara. Ni mtu wa Njombe, mcheshi, saluni yake haiishi watu. Kanipa simu: "Dada, niprintie hii kwenye A3 nibandike ukutani, wateja wasome wakisubiri." Ilikuwa ile ya kwenye magrupu, "SHERIA ZA AJABU DUNIANI, HUTAAMINI", na emoji za kutosha. Nikamwambia kaka, kaa hapo. Mimi siprinti kitu kitakachobandikwa ukutani bila kukipitia, maana watu wanaamini kilichochapwa. Bahati nzuri jioni ilikuwa ya mvua na wateja hakuna. Tukapitia moja moja, mimi kwenye kompyuta, yeye kwenye benchi.

Ya kwanza: Uswisi ni kosa kuvuta maji ya choo baada ya saa nne usiku. Hakuna sheria ya nchi inayosema hivyo. Kuna majengo ambayo wenyewe wameweka masharti ya utulivu wa usiku, na baadhi yakawakataza wapangaji vitu vya namna hiyo. Nilifurahi mno. Maana yake ni kwamba kule Zurich nako kuna mama amekunja karatasi mara nne.

Ila Uswisi hiyohiyo ina sheria ya kweli ambayo haikuwa kwenye orodha. Toka mwaka 2008 kanuni zao za ulinzi wa wanyama zinasema mnyama wa jamii inayoishi kwa makundi asifugwe peke yake. Simbilisi ni mmojawapo. Ukifuga, fuga wawili au zaidi, kwa sababu akiwa peke yake anasononeka. Kinyozi akasimama kabisa.

"Simbilisi? Hawahawa wa jikoni?"

Kwao Njombe simbilisi wanafugwa jikoni, wanakimbizana chini ya meza wakila majani na maganda, na siku ya siku wanaingia chunguni. Nikamwambia ndio hao. Akauliza swali ambalo Waswisi wenyewe walilikuta: mmoja akifa? Ukimnunulia mwenzake mpya, yule mzee naye akifa unabaki tena na mmoja, unanunua tena, hutoki humo maisha. Ndipo mama mmoja kule akaanzisha kazi ya kukodisha simbilisi. Unamchukua mmoja akakae na mjane wako mpaka mjane naye aage dunia, kisha unamrudisha. Kinyozi alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Bibi yangu alifiwa na babu mwaka 1998, hakuna serikali iliyokuja kumuuliza."

Hiyo nikaiongeza kwenye A3.

Uingereza ilikuwa na mistari mingi kuliko nchi yoyote. Ni kosa kufia bungeni; ni uhaini kubandika stempu yenye sura ya Malkia kichwa chini. Zote mbili uongo. Wala si mimi niliyegundua: mwaka 2013 tume yao ya kurekebisha sheria ilikaa ikazipitia hadithi za namna hii moja baada ya nyingine. Ya kufia bungeni haikupatikana popote. Lakini waliyoyathibitisha ndiyo yaliyonimaliza, hasa sheria ya polisi ya London ya mwaka 1839.

Niliisoma yote, na ni kama masharti ya nyumba ya wapangaji, isipokuwa nyumba yenyewe ni London. Ni kosa kubeba ubao, ngazi au pipa kwenye njia ya waendao kwa miguu, isipokuwa unapakia, unapakua au unavuka. Ni kosa kurusha kishada barabarani ukawaudhi wakazi. Ni kosa kugonga mlango wa mtu au kuvuta kengele yake bila sababu halali. Ni kosa kuteleza kwenye barafu ukafanya njia iwe hatari kwa wengine. Na ilikuwa kosa kukung'uta zulia, busati au mkeka barabarani, isipokuwa kile kipande cha kufutia miguu mlangoni, nacho kabla ya saa mbili asubuhi.

Hiyo ya mwisho isome tena. Kabla ya saa mbili! Mtu anayeandika "sheria za ajabu" anaishia kwenye zulia, anacheka, anaondoka. Mimi nachapa masharti kila wiki, najua hilo neno "isipokuwa" limetoka wapi. Pale pana mtu aliyesimama akasema: jamani, zulia sawa, lakini kibusati cha mlangoni na chenyewe nikikung'utie wapi? Wakabishana. Mwisho wakampa mpaka saa mbili. Kwetu namba 7 inasema "Marufuku kutwanga usiku, isipokuwa mwezi wa Ramadhani mpaka saa tatu", na hiyo isipokuwa namjua mwenyewe, anakaa chumba cha tatu na anauza sambusa.

Polisi wa London walikuwa na miaka kumi tu wakati ule, walianzishwa 1829. Jiji limefura, moshi, matope, farasi, watoto wanagonga kengele na kukimbia. Faini ilikuwa isiyozidi shilingi 40. Kinyozi aliposikia shilingi 40 akasema hiyo atailipa sasa hivi, wakamkung'utie zulia la saluni.

Kisha kuna ya samaki. Sheria ya mwaka 1986 inakataza kushika samaki aina ya samoni "katika mazingira ya kutiliwa shaka". Mitandaoni wanaichora kama vile jamaa kajificha kona na samaki ndani ya koti. Mtu wa pwani hawezi kuicheka sana. Sisi tumeishi na samaki wa baruti. Unafika soko la samaki la feri asubuhi, unamkuta changu wa bei ya kutupa, ukimbonyeza tumboni mifupa imevunjika ndani, na muuzaji hataki uulize ametoka wapi. Hayo ndiyo mazingira ya kutiliwa shaka. Waingereza walikuwa na majangili wa mitoni, wakaona hawawezi kumkamata kila mvuaji usiku, bora wamshike na anayenunua huku akijua au akistahili kujua kwamba samaki huyo hakuvuliwa kihalali. Nikaifuta kwenye orodha. Kinyozi alilalamika kwamba ilikuwa inachekesha.

Singapore alitaka ibaki kwa gharama yoyote, maana anatafuna bazoka kutwa nzima. Orodha ilisema ukikutwa unatafuna unafungwa. Si hivyo. Kilichokatazwa toka Januari 1992 ni kuingiza na kuuza. Mwenye kesi kubwa ni anayeingiza mzigo, faini mpaka dola 100,000 za kwao au jela mpaka miaka miwili. Hapa lile swali langu la nani alikuudhi lina jibu zuri sana. Treni zao za mjini zilianza 1987, za kisasa, fahari ya nchi. Milango ina vihisio, kikizibwa mlango haufungi, mlango usipofunga treni haiondoki. Vijana wakawa wanabandika bazoka kwenye vihisio. Kipande ambacho mtu amekitafuna hadi kikaisha utamu kinasimamisha treni nzima na watu wote waliomo! Mwaka 2004, baada ya mkataba wa biashara na Marekani, wakalegeza: bazoka ya dawa, ile ya kusaidia kuacha sigara kwa mfano, unaipata kwa mfamasia au daktari wa meno.

Ila kilichonigusa mimi Singapore ni doriani. Kwenye treni zao kuna kibao chenye alama za makatazo. Kuvuta sigara, faini imeandikwa. Kula na kunywa, faini imeandikwa. Halafu picha ya doriani na mstari mwekundu, bila faini yoyote. Yaani hawakupata hata kiasi cha kuandika. Wameona wewe mwenyewe uwe na haya. Asiyemjua doriani amuulize mtu yeyote wa Unguja: tunda la miiba, nyama yake kama kastadi, harufu yake... sisi tuliolila shambani tunaiita harufu, wengine wana neno jingine. Mama aliwahi kupanda nalo kwenye daladala kutoka shamba mpaka mjini. Alifika akiwa na siti tatu peke yake.

Mama huyohuyo ndiye wa papa. Naona ukoo wetu una historia.

Tukafika Japani: "ni kosa kunenepa". Kinyozi akavuta tumbo ndani. Ukweli ni kwamba toka 2008 wenye umri wa miaka 40 hadi 74 wanapimwa kiuno kila mwaka kwenye uchunguzi wa afya. Mwanamume mwisho sentimita 85, mwanamke 90. Ukizidi hukamatwi na mtu. Unapewa ushauri nasaha, na wanaobanwa kifedha ni mifuko ya bima kama watu wao hawapungui. Nikaazima futi kwa fundi cherehani wa mlango wa pili. Kinyozi akapimwa akiwa ameshusha pumzi yote: 97. Fundi akasema kwa kiuno hicho Japani wangemfungulia faili, na kwa suruali aliyovaa angeshakuwa jela.

Kuhusu miji ambayo ni marufuku kufa, orodha ilitaja Longyearbyen, kule Norway kwenye barafu ya kaskazini. Hakuna sheria ya kukataza kufa. Kilichopo ni kwamba toka 1950 hawaziki tena majeneza pale, kwa sababu ardhi imeganda mwaka mzima na maiti haiozi. Lakini Italia kuna mji mdogo, Falciano del Massico, ambao mwaka 2012 meya wake alitoa amri kweli, kwa karatasi na sahihi: wakazi wamekatazwa kufa. Mji haukuwa na makaburi yake na ulikuwa kwenye ugomvi na mji jirani uliokuwa nayo. Baadaye meya akasema wazee wawili wamekaidi. Hiyo kinyozi alitaka iandikwe kwa wino mwekundu. Mimi nilimwonea huruma meya. Ndivyo mtu anavyoandika barua akishaandika nyingine kumi zisijibiwe. Za namna hiyo nachapa nyingi, ziko kwenye faili langu la "Kwa Mkurugenzi".

Tulipomaliza niliona kitu: ukurasa mzima hauna hata nchi moja ya kwetu. Ajabu zote ni za ng'ambo, kana kwamba sisi hatujui kutunga. Nikamwambia kinyozi kwa heshima ya jirani tuweke mbili.

Burundi, Machi 2014. Serikali ya Nkurunziza ilikataza watu kukimbia jogingi kwa makundi mitaani Bujumbura. Mtaka mazoezi ya kundi aende kwenye maeneo yaliyotengwa. Kule kukimbia pamoja asubuhi za wikendi, kwa nyimbo, ni mazoea ya siku nyingi, kama klabu zetu za jogingi hapa Temeke zinazotuamsha Jumapili alfajiri. Lakini mwezi huo wafuasi wa chama kimoja cha upinzani walipambana na polisi, na wakubwa wakaona anayekimbia akiimba anaweza kuwa anaandamana kwa raba. Kinyozi yumo kwenye klabu ya jogingi, ndiyo hiyo haijamfikisha 85. Hakucheka. Alisema tu, "Sasa mtu mmoja mmoja wanaruhusu? Kundi linaanzia wangapi?" Kwa kinyozi, swali la kisheria kabisa.

Ya pili ni yetu wenyewe, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya enzi za Mwingereza, na bado tunayo. Karani mmoja mstaafu, anayekuja kwangu kupiga fotokopi na kusoma gazeti bure, ndiye aliyenionyesha. Kuwa na zana za uchawi ni kosa. Kujitangaza kwamba una uwezo wa uchawi, hata kama huna lolote, nako ni kosa. Na ukimwita jirani yako mchawi ovyo mtaani, unaweza kugeuka wewe mshtakiwa. Karani anapenda kusema: ndiyo kesi pekee ambayo mshtakiwa akijisifu amekwisha, na mlalamikaji akibwata naye amekwisha.

Waliotuletea nao walikuwa na ya kwao, ya mwaka 1735, ambayo haikumwadhibu mchawi bali anayejifanya mchawi. Watu wanadhani ilikufa na mikokoteni. Januari 1944, vita ikiendelea, polisi walivamia kikao cha kuita mizimu mjini Portsmouth wakamkamata mwanamke wa Scotland, Helen Duncan. Alihukumiwa kwa sheria hiyohiyo ya 1735, akapigwa miezi tisa gerezani Holloway. Waziri Mkuu wao mwenyewe, Churchill, katikati ya mipango ya kuvuka kwenda Ufaransa, aliandika akiuliza upuuzi huu umeligharimu taifa kiasi gani. Iliondolewa 1951. Yetu ya 1928 ingali kabatini, na karani anajua hadi ipo rafu ya ngapi.

Mvua ikakatika. A3 ilikuwa imejaa, ila chini palibaki nafasi kama ya vidole vitatu. Nikamuuliza tupaache wazi au tuweke namba yake ya simu. Akakuna shingo.

"Weka hii dada. Marufuku kubishana Simba na Yanga ukiwa umekalia kiti."

Nikasubiri. Anajua swali langu.

"Alikuwa Yanga," akasema. "Mmoja wa benchini akasema lile goli lilikuwa la kuotea. Jamaa akageuka ghafla kumjibu, mashine ikiwa mkononi mwangu. Sharafa ya kulia ikaondoka yote, mpaka juu ya sikio."

"Akalipa?"

"Nusu. Akasema amenyolewa upande mmoja."

Nikachapa kwa herufi kubwa, nikaongeza "isipokuwa wakati wa kusubiri", naye akakubali. Nikaprinti, nikakunja kwenye roli, nikampa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Nikashusha shata mbiombio. Papa niliyeletewa juzi alikuwa bado anasubiri chumbani, na magharibi ilikuwa inanikaribia.